Ufunguo wa Ghala na Sarafu Isiyoshikika

Hapo zamani, wakati ambapo nazi ilifuliwa mbele ya macho ya mnunuzi ili asije akapewa koroma akaambiwa ni nazi, palikuwa na mji uitwao Mtondoo. Mji wenyewe haukuwa mkubwa, lakini watu wake walisifika kote kwa adabu zao. Mgeni akizungumza barazani, wenyeji humwitikia "Naam" kila anapovuta pumzi. Asiyeitika huhesabiwa kuwa amemtukana mgeni, na aliyemtukana mgeni amemtukana mwenye nyumba. Kusema "sijaelewa" ndilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote, maana ni sawa na kumwambia mgeni kwamba hajui kusema.

Basi watu wa Mtondoo walikuwa wakiitika tu. Kuna aliyepata kuoa kwa kuitika, na kuna aliyepata kununua punda kipofu kwa kuitika.

Katikati ya mji palikuwa na ghala. Kila nyumba, baada ya mavuno, ilipeleka humo mtama wake kadiri ya uwezo, na miezi ya njaa ikifika ghala hufunguliwa, na hapana mtoto aliyelala bila uji. Ufunguo alikuwa nao Sultani Mwinyikai, akiufunga kiunoni chini ya joho. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiburi kidogo cha kujua, kama walivyo watu wengi wanaoulizwa maswali kutwa.

Katika mji huo alikuwako mtu aitwaye Vuai, mfua nazi. Hakuwa na kitu duniani ila kifuo chake cha kufulia na kikoi alichovaa, na watu walimwita Vuai Mjinga kwa sababu alikuwa akiuliza mambo ambayo kila mtu hujifanya anayajua. Jirani yake alikuwa mjane kijana, jina lake Mwanate, mama wa mapacha wanaonyonya. Kila asubuhi Mwanate humwita dirishani akamwambia, "Kaka Vuai, leo tena nimekosea kipimo. Uji umezidi. Nisaidie usimwagike."

Naye Vuai hupokea bakuli akasema, "Dada yangu, utajifunza lini kupima?"

Na wote wawili walijua kwamba Mwanate hakukosea kipimo hata siku moja, ila hujipunguzia yeye.

Ikawa siku moja akaja mgeni kutoka mbali, jina lake Bwana Zaharani. Alikuwa na kilemba cha hariri, na punda mmoja mnene, na maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa mzigo mkubwa. Sultani akamkaribisha barazani, wakubwa wa mji wakakaa safu kwa safu, na Vuai akawekwa uani kufua nazi za mchuzi wa wageni, karibu na mlango, mahali pa kusikia kila kitu.

Bwana Zaharani akapiga funda la kahawa, akasema, "Maulana, zama za dhahabu zimepita. Mimi nimekuletea kripto."

"Naam," wakaitika wote.

"Kripto ni sarafu isiyoshikika. Haina uzito, haina kutu, wala mwivi hawezi kuitia mfukoni."

"Naam."

"Hukaa pochini, na pochi yenyewe haina ngozi wala uzi. Wachimbaji huichimba, nao hawana jembe. Hufungwa katika bloku, na bloku hufungwa katika mnyororo."

"Naam, naam."

"Nyangumi wakiingia sokoni, bei hutikisika. Mwenye moyo hushikilia. Na siku ikipaa, Maulana, hupaa hata mwezini."

"Naam," wakasema, na mzee mmoja mwenye usingizi akaongeza, "Alhamdulillahi."

Basi Bwana Zaharani akasema kwamba kwa mapenzi aliyo nayo kwa mji huu, yuko tayari kumpa Sultani pochi iliyojaa kripto, naye apewe mtama wote ulio ghalani, na punda wake wengine watakuja kuuchukua Ijumaa baada ya sala. Akamtazama Sultani, akavuta pumzi.

Na Sultani, kwa sababu ya mazoea, akasema, "Naam."

Mgeni akaenda kupumzika. Sultani akamwinamia waziri wake, aliyeitwa Tawakali, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Wewe umeelewa?"

"Maulana," akasema waziri, "mimi nimeelewa kadiri ulivyoelewa wewe."

"Basi tumekwisha," akasema Sultani.

Hapo kikasikika kicheko uani. Sultani akatoka amekunja uso, akamkuta Vuai ameshika nazi sikioni.

"Ewe mfua nazi, unacheka nini?"

"Nacheka nazi hii, Maulana. Nimeitikisa, imenyamaza. Kubwa ajabu, na ndani hamna maji. Nami nilikuwa namsikiliza mgeni wako nikasema, laiti maneno nayo yangetikiswa."

"Kwani wewe hukuyaelewa maneno ya mgeni?"

"Sikuyaelewa, Maulana."

Watu waliokuwa mlangoni wakashika vinywa, kwa kuwa neno hilo lilikuwa halijapata kutamkwa katika nyumba ile. Sultani akaona haya na hasira pamoja. Haya, kwa sababu mjinga amesema lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa nalo moyoni. Hasira, kwa sababu amelisema mbele ya watu.

Akasema, "Umemtukana mgeni wangu chini ya dari yangu. Hukumu yake ni kuhama mji. Lakini kwa kuwa mimi ni mwenye huruma, nakupa njia moja. Ijumaa kabla ya sala utanieleza maneno yote ya mgeni nikaelewa. Na masikio yangu yasisikie hata neno moja nisilolijua. Nikisikia moja, au nikitoka bila kuelewa, utahama Mtondoo, na mtama utakwenda."

"Kumweleza mtu maneno asiyoyajua, bila kumtamkia asiyoyajua," akasema Vuai polepole. "Na nikiweza?"

"Utaomba utakalo."

Waziri Tawakali akacheka pembeni, maana aliona sharti hili ni kama kumwambia mtu aoge bila kulowa.

Asubuhi yake Mwanate akatoa bakuli dirishani, akaona Vuai halishiki.

"Kaka Vuai, uji unapoa. Nimekosea kipimo."

"Dada, ghala linakwenda Ijumaa," akasema Vuai, akamsimulia yote.

Mwanate akawatazama mapacha wake waliolala juu ya mkeka, mmoja ameshika sikio la mwenziwe. Kwake yeye ghala lilikuwa ndilo maziwa. Miezi ya njaa mama asiyekula hana cha kunyonyesha. Hakulia. Akasukuma bakuli karibu zaidi, akasema, "Kunywa kwanza. Mtu mwenye njaa hafikiri vizuri. Na wewe mwenyewe, hayo maneno unayajua?"

"Hata moja."

"Basi si umwulize mwenyewe mgeni? Kinywa si anacho?"

Vuai akanywa uji hadi mwisho, akalamba ukingo, akasema, "Dada, kumbe hata jambo rahisi kama hili mtu hana budi aambiwe."

Akachukua madafu mawili, akaenda mpaka nyumba ya wageni. Bwana Zaharani alikuwa barazani amevua kilemba, anajipepea, amechoka kwa kuonekana mkubwa. Vuai akamkatia dafu, akasema, "Bwana, mimi ni mjinga wa mji huu. Nataka kuuliza, kama hutaona ni tusi."

Mgeni akacheka. "Uliza. Miji yote niliyopita hajapata kuniuliza mtu."

"Huo mnyororo ni mnyororo wa kufungia nini?"

"Haufungi mtu. Sikiliza. Mimi nikikupa wewe sarafu moja, habari hiyo haiandikwi mahali pamoja. Watu wote walio katika mchezo huambiwa, kila mmoja akaiweka kwake. Habari nyingi zikikusanyika huwa fungu moja, nasi twaliita bloku. Kila fungu limefungamanishwa na lililotangulia. Ukitaka kudanganya katika fungu la jana, huna budi uvunje na yote yaliyokuja juu yake, na tena uvunje katika nyumba ya kila mtu. Utaweza?"

"Siwezi. Na wachimbaji?"

"Ni wale wanaofanya kazi ngumu ya kufunga mafungu yasifunguke. Aliyewahi hupewa sarafu mpya kwa jasho lake. Kwa hiyo husemwa amechimba."

"Nyangumi?"

"Mtu mwenye nyingi mno. Akigeuka tu, wadogo wote hutikisika."

"Na kwenda mwezini?"

"Bei ikipanda sana, twasema inakwenda mwezini."

"Na ikishuka?"

Bwana Zaharani akanywa dafu. "Ikishuka hatusemi inakwenda wapi."

"Na mwenye moyo hushikilia vipi?"

"Bei ikianguka hauzi. Hushikilia tu, anangoja."

"Kama mimi na kikoi hiki," akasema Vuai. "Na tokeni? Jana nilikusikia ukisema mlangoni."

"Hiyo ni sarafu isiyo na mnyororo wake. Hukaa katika mnyororo wa mwingine, kama mpangaji katika nyumba ya mwenziwe. Na kila ukituma kitu, hulipa ada kidogo ya njiani, kwa wale wanaoshughulika."

Basi wakazungumza hivyo mpaka jua likawa kali, na Bwana Zaharani akasahau kujipepea. Alieleza vizuri, bila kupinda, kama mwalimu aliyekuwa akingoja mwanafunzi siku nyingi. Vuai akaona kwamba mtu huyu si mjinga wala maneno yake si ya uongo. Akashangaa moyoni, kama maneno ni ya kweli, uongo uko wapi?

Akauliza la mwisho. "Na pochi, bwana? Ndiyo yenye sarafu ndani?"

"La. Wengi hukosea hapo. Pochi haina sarafu. Sarafu ziko katika mnyororo, kila mtu anaziona. Pochi ina ufunguo tu. Ufunguo ni maneno ya siri. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali, hata awe nani. Asiye nayo hana kitu, hata akiitwa mfalme."

"Na Sultani wetu utampa maneno hayo?"

Mgeni akatazama ndani ya dafu kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Akasema, "Sultani ana shughuli nyingi. Nitamtunzia mimi."

"Ee," akasema Vuai, "umemhurumia."

Akaokota makumbi yake, akaenda zake akipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi Sultani akaambiwa kwamba mfua nazi anamngojea uani kwa Mwanate. Waziri Tawakali akaona ni aibu kwa Sultani kwenda ua wa mjane, lakini Sultani alikuwa hajapata usingizi tangu aseme naam, akaenda. Bwana Zaharani naye akafuatana nao, kwa kuwa mgeni haachwi nyuma, na watu wa mji wakajaa hata juu ya kuta.

Wakamkuta Vuai amesimama katikati, mashavu yamemvimba.

"Anza," akasema Sultani.

Vuai akainama kwa heshima, akaonyesha kinywa chake. Alikuwa amekijaza nazi pomoni.

"Maulana," akasema waziri, "mtu huyu hasemi."

Sultani akamtazama sana Vuai. "Nilimwambia nisisikie neno nisilolijua. Naona ameamua nisisikie lolote." Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, maana kiti hakikuwapo.

Basi Vuai akawaashiria wanawake, nao wakaingia kucheza upatu wao kama walivyozoea kila Ijumaa. Upatu wa wanawake wa Mtondoo ulikuwa wa mtama. Kila mmoja huleta kibaba, na vibaba vyote hupewa mmoja aliye zamu, na wiki nyingine mwingine, hata wakaenea. Wanawake hawa hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kamba yake ya makumbi ya nazi, na makumbi yenyewe walipewa na Vuai bila malipo. Sultani alikuwa hajapata kuuona upatu, kwa sababu ni mambo ya uani.

Mwanate alikuwa kijumbe wao, msimamizi wa mchezo. Akasimama na pacha mmoja mgongoni, akamwita Bi Kirembo, mwanamke mkongwe kuliko wote.

Bi Kirembo akamimina kibaba chake, akasema, "Mimi Kirembo nampa Mwanasiti kibaba."

"Tumesikia," wakasema wote, na kila mmoja akapiga fundo katika kamba yake, fundo juu ya fundo la kabla yake.

Akaja wa pili, akaja wa tatu, na kila mara wote husikia na wote hufunga. Walipomaliza, wakaanza kusokota kamba za kuendelezea zile zilizojaa mafundo, na bibi aliyewahi kabla ya wenziwe wakamwongezea konzi ya mtama kwa kazi yake. Na aliyebeba vibaba kuvipeleka kwa Mwanasiti naye akatiwa kiganjani punje kidogo za njiani.

Sultani akawa anasogea mbele kidogo kidogo. Akasema, "Ewe mama, hebu nikuulize. Mimi nikimwamuru huyu binti alifungue fundo lako, aseme hukutoa, utafanya nini?"

"Amuru, mwanangu," akasema Bi Kirembo, ambaye umri wake ulikuwa umekwisha kumwondolea woga.

Sultani akaamuru. Binti akafungua mafundo ya leo katika kamba yake, moja baada ya moja, mpaka akalifungua na la Bi Kirembo. Mara wenziwe wote wakainua kamba zao juu, fundo la Bi Kirembo likaonekana katika kila mkono.

"Kamba moja imesema uongo," akasema Bi Kirembo, "na hizi zote zinaisuta. Nenda kazifungue zote, tutakungoja."

"Na fundo la mwezi uliopita?"

"Ufungue kwanza yote yaliyo juu yake."

Sultani akachukua kamba mwenyewe, akahangaika nayo kwa kucha, hata ukucha ukakatika. Akautazama ukucha wake, akaanza kucheka. "Hata mimi siwezi. Kwa hiyo hapana wa kuilinda, na imelindwa." Akamgeukia Bwana Zaharani. "Hili ndilo ulilokuwa ukisema barazani?"

"Ndilo hasa, Maulana," akasema mgeni, na uso wake ulikuwa umefurahi kweli, amejisahau. "Sijapata kuliona likielezwa vizuri hivi."

"Basi wewe Vuai nusu umepata," akasema Sultani. "Na pochi je?"

Vuai akatafuna, akatafuna, asimeze. Akanyosha mkono, akaonyesha kiuno cha Sultani, mahali palipo ufunguo.

Waziri akasema, "Usimpe, Maulana."

Lakini Sultani alikuwa amekwisha kuonja utamu wa kuelewa. Akafungua ufunguo wa ghala, akampa. Vuai akaupokea kwa mikono miwili, akaufunga katika pindo la kikoi chake, akaketi chini kivulini. Kisha hakufanya lolote. Watu wakangoja. Kuku wakaja kuokota punje. Mpishi wa Sultani akafika mbio, akasema wakati wa kutoa mtama wa chakula cha baada ya sala umewadia, na mlango wa ghala umefungwa.

"Vuai," akasema Sultani, "lete ufunguo."

Ndipo Vuai akameza nazi yake. Akauliza kwa upole, "Maulana, ule mtama ni wa nani?"

"Wangu. Uko mikononi mwangu kwa niaba ya watu."

Vuai akawageukia watu. "Enyi watu, mtama ni wa nani?"

"Wa Sultani kwa niaba yetu," wakasema.

"Umesikia, Maulana. Wote wanashuhudia. Mtama ni wako, hapana anayebisha. Sasa shida yako nini?"

"Shida yangu ni kwamba mpishi yuko mlangoni na nataka kufungua."

"Aa, kufungua," akasema Vuai. "Hapo usijisumbue. Wewe una shughuli nyingi. Ufunguo nitakutunzia mimi."

Waziri Tawakali akafungua kinywa kumkemea. Sultani akainua mkono. Alikuwa ameacha kucheka, anatazama mlango wa ghala kwa mbali, kisha pindo la kikoi, kisha tena mlango. Akasema, kama mtu anayejisemea, "Mtama ni wangu. Watu wote wanasema ni wangu. Na mfua nazi ndiye atakayekula." Akamgeukia mgeni wake. "Bwana Zaharani, hiyo pochi yangu, ufunguo wake atakuwa nao nani?"

Bwana Zaharani akashika kilemba chake. Akasema, "Maulana, katika mambo haya, kwa usalama wa hazina, na kwa kuwa soko lina mawimbi ya nyangumi, na tokeni hazijatulia katika bloku, ni desturi mtaalamu ahifadhi."

Akavuta pumzi, akangoja naam yake.

Sultani Mwinyikai akasema, "Sijaelewa. Rudia."

Watu wote uani wakamgeukia, hata pacha mgongoni mwa mama yake akaacha kunyonya kidole. Kisha Bi Kirembo akasema, "Hata mimi sijaelewa, mwanangu. Rudia." Na yule mzee wa usingizi akasema, "Mimi tangu jana na juzi sijaelewa." Na waziri Tawakali, aliyekuwa hajapata kusema kweli kubwa hivyo tangu avishwe joho, akasema, "Kusema kweli, nami."

Bwana Zaharani akarudia, na aliporudia maneno yakapungua. Wakamwambia rudia. Akarudia tena, yakawa mepesi kama uji uliotiwa maji mara nyingi. Mwisho likabaki neno moja tu, nalo akalisema akitazama chini. "Pochi ni tupu, Maulana."

"Tupu?"

"Nilikuwa nazo zamani. Nilishikilia, zikaanguka, nikazidi kushikilia. Baada ya hapo yalinibakia maneno. Nikaona miji yote huitika tu."

Watu wakaanza kunong'ona, na askari wawili wakasogea. Sultani akasema, "Mfungeni. Afungwe mpaka punda wake waoze njiani."

Vuai akasema, "Maulana, uliniahidi nitaomba nitakalo."

"Niliahidi. Omba."

"La kwanza, asifungwe. Mtu huyu nilimwuliza, akanieleza bila kunificha, mpaka ufunguo wenyewe alinieleza yeye. Angetaka ningebaki mjinga. Maneno yake si mabaya. Ubaya wetu sisi ni kuona haya kuuliza. Mwache akae barazani kila Ijumaa awafundishe watu maana ya maneno hayo, ili mwingine akija na pochi, wajue pa kumshika."

Sultani akafikiri. "Na afundishe kwa sharti gani?"

"Asiyeelewa aseme."

"Imepita," akasema Sultani. "Tangu leo katika mji huu, anayesema sijaelewa amemheshimu mgeni, maana amemsikiliza. Na anayeitika bure, atanunua punda kipofu, nami sitamrudishia." Watu wakacheka, na aliyenunua punda kipofu akacheka kuliko wote. "Na la pili?"

"La pili, Mwanate apewe pishi za mtama zijaze mtungi wake, kila mwezi, mpaka mapacha wale wakue wajue kutwanga."

"Na wewe mwenyewe? Kikoi kimechanika hicho."

"Mimi hupata uji wa kuzidi, Maulana. Kwa hiyo napenda uzidi."

Sultani akacheka hadi machozi yakamtoka. Akatoa amri, tena akaamuru kamba za makumbi zigawiwe katika kila nyumba, na siku ya kutia mtama ghalani watu wote wasikie na wote wafunge fundo, ili hata sultani atakayekuja baada yake asiweze kufungua kwa kucha. Kisha akanyosha mkono. "Sasa, ufunguo wangu."

Vuai akaufungua pindoni, lakini hakuutoa upesi. "Kuna ada ya njiani, Maulana."

"Kiasi gani?"

"Nazi moja. Ile niliyotafuna ilikuwa ya mtu."

Akapewa nazi. Akaitikisa sikioni, ikalia maji, akaridhika, akautoa ufunguo.

Watu wakaenda kwenye sala, kila mtu akimwuliza mwenziwe lile ambalo alikuwa akilionea haya mwaka mzima. Bwana Zaharani akabaki peke yake juu ya kinu, kilemba mapajani, hana wa kumkaribisha, kwa kuwa desturi ya mgeni haikueleza mgeni wa namna hiyo atendewe nini. Mwanate akampita mara ya kwanza akiwa amebeba mtungi. Akampita mara ya pili. Mara ya tatu akaja na bakuli.

"Bwana," akasema, "leo nimekosea kipimo. Uji umezidi."

Bwana Zaharani akalitazama bakuli, akamtazama yeye. Akasema, "Sijaelewa."

"Kunywa," akasema Mwanate. "Utaelewa polepole."

Naye Vuai, aliyekuwa ukutani akifua ile nazi yake, akainamisha kichwa asionekane anacheka. Na tangu siku ile mabakuli mawili yakawa yanatolewa dirishani kila asubuhi, na Mwanate akakosea kipimo mpaka mapacha wake wakaweza kuushika mchi.

Hadithi imefika mlangoni, ufunguo wake nimewakabidhi wenyewe.